Kuboresha Mtaa wa Soko Ukiwa Mpangaji Miji wa Kaunti: Mwongozo wa Kisumu, Nakuru na Miji ya Magharibi

Faili ya "kupendezesha mji" ikitoka ofisi ya waziri wa kaunti, huishia mezani kwa mpangaji miji. Mara nyingi ndani yake mna picha ya mtaa wa ng'ambo iliyotolewa kwenye intaneti, barua fupi, na kiasi cha pesa ambacho hakuna anayejua kilipatikanaje. Kuanzia hapo mzigo ni wako.

Mwongozo huu unashika mfano mmoja tu: kipande cha mtaa wa soko chenye urefu wa mita 200, steji ya matatu ikiwa mwisho mmoja, maduka pande zote mbili, mama mboga kwenye ukingo, boda kila kona. Mtaa wa namna hii uko Kondele kule Kisumu, uko Kaptembwo kule Nakuru, uko Kakamega na Bungoma. Jambo la kushika tangu sasa ni kwamba eneo la umma huharibikia pembeni: kwenye mtaro, kwenye kona ya boda, kwenye mlango wa duka. Pesa nazo humwagwa katikati, kwenye mnara na chemchemi ya maji ambayo baada ya mwaka mmoja haina maji. Hapa tunaanzia pembeni.

Uko ofisi gani, na unaruhusiwa kusaini nini

Kisumu na Nakuru ni majiji (Nakuru ilipata hati yake Desemba 1, 2021), kwa hiyo kila moja lina bodi na meneja wa jiji chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Kakamega na Bungoma zina bodi za manispaa. Juu yao kuna idara ya kaunti ya ardhi na mipango ya miji. Uliza mapema: pesa za ujenzi ziko kwa nani, na pesa za kufagia ziko kwa nani? Ikiwa idara inajenga na bodi ndiyo itakayotunza, mtu wa bodi awe kwenye kikao cha kwanza. Asipokuwepo, siku ya kukabidhiwa atasema hakuulizwa, na atakuwa amesema kweli.

Kwa anayeingia kazini sasa, njia ni shahada ya upangaji miji (Maseno wanaifundisha, Chuo Kikuu cha Nairobi pia), kisha usajili kwenye bodi ya wapangaji. Nafasi za kazi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti husika. Bila usajili utasaidia kuandaa mpango, lakini saini itakuwa ya mwingine. Hata ukiwa umesajiliwa, usisaini viwango vya mtaro na lami. Hiyo ni kazi ya mhandisi. Mipaka ni ya mpimaji ardhi, bei ni ya mkadiriaji gharama. Kazi yako ni kuhakikisha karatasi zao tatu na mpango wako zinasema kitu kimoja.

Ardhi kwanza

Kabla ya kuchora chochote, jua kila mita ya mtaa ni ya nani. Chukua ramani ya upimaji, fanya sachi rasmi kwenye ofisi ya ardhi kwa kila ploti inayopakana na mtaa, kisha toka na mpimaji mkatafute bikoni, yaani alama za mipaka zilizofukiwa ardhini. Nyingi zitakuwa zimefunikwa na zege au kung'olewa. Mpimaji azirudishe na mzipige picha pamoja na wenye ploti wakiwa wamesimama hapo. Picha hiyo itakuokoa siku mwenye duka atakapokuja na wakili.

Barabara yenyewe ina mwenyewe. Zipo za kaunti, zipo za KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na zipo za KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za taifa). Barabara kuu ya Nairobi hadi Malaba inapita Nakuru na iko chini ya KeNHA. Huwezi kupanda mti wala kuweka benchi kwenye hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi ya barabara, bila kibali cha maandishi. Miji hii ilikua kando ya reli, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901, na hadi leo Shirika la Reli lina ardhi kubwa karibu na stesheni na bandari. Kiwanja kinachoonekana kitupu kikiwa karibu na reli, chukulia ni cha reli hadi karatasi iseme vinginevyo.

Ukiwa kando ya ziwa, ongeza swali la maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likafunika fuo na majengo yaliyokuwa ukingoni, na Ziwa Nakuru nalo limepanuka sana tangu miaka ya 2010. Uliza wavuvi, kama wale wa ufuo wa Dunga kule Kisumu, maji yalifika wapi, piga alama, weka kila kitu cha kudumu nyuma ya alama hiyo. Uwanja ulio kati ya alama na ziwa uwe wa vitu vinavyoweza kuloa au kuhamishwa.

Kalenda ya pesa

Mradi mwingi mzuri hufa kwa sababu ulifika ukiwa umechelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaoitwa ADP, hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka unaotangulia. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufuata kufikia Februari 28, na makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Maana yake, mtaa unaotaka uanze kujengwa baada ya Julai uwe umeandikwa kwenye ADP takriban miezi kumi kabla. Na ADP yenyewe hutokana na mpango wa miaka mitano, CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Tafuta humo sentensi inayoubeba mradi wako, hata ikiwa inasema tu "kuboresha masoko wadi fulani", kisha nakili nambari ya ukurasa kwenye kila barua utakayoandika.

Ukikosa Septemba, kimbilio ni bajeti ya nyongeza, lakini usiijengee matumaini. Pesa za nyongeza huja zikiwa zimebaki wiki chache mwaka uishe, mkandarasi hukimbizwa, na kasoro za zege linalomwagwa mwezi wa sita kwa haraka huonekana mwezi wa kumi.

Hesabu watu kabla ya kuchora

Hii ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Unahitaji vijana wanne, fomu ya ukurasa mmoja, kalamu na saa.

Fomu iwe na safu hizi: wanawake, wanaume, watoto, wenye magongo au kiti cha magurudumu, baiskeli, boda, tuktuk, mkokoteni, matatu, magari mengine. Wawili wasimame mwanzo wa mtaa, wawili katikati, kila mmoja akiangalia upande wake. Wahesabu dakika 15 za mwanzo wa kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha uzidishe mara 4 upate saa nzima. Fanya siku tatu: siku ya kawaida kama Jumatano, Jumamosi, na siku ya soko. Kila soko lina siku yake. Soko la Kibuye, Kisumu, hujaa zaidi Jumapili, siku ambayo ofisi ya kaunti imefungwa. Ndiyo sababu takwimu nyingi za soko hilo zilizokusanywa na maafisa kati ya Jumatatu na Ijumaa hazisemi ukweli wake.

Chukua mfano. Tuseme saa kumi na moja jioni watu 420 wamepita sehemu moja kwa dakika 15. Hao ni 28 kwa dakika. Wabunifu wa mitaa hutumia kikomo cha watu 13 kwa dakika kwa kila mita ya upana, ili mtu atembee bila kusukumana. Gawa 28 kwa 13, unapata mita 2.15. Huo ni upana mtupu, baada ya kuondoa nguzo ya umeme, mti, meza ya nyanya na boda iliyoegeshwa. Ongeza nusu mita upande wa maduka kwa wanaosimama kuangalia bidhaa, na nusu mita upande wa magari, unafika karibu mita 3.2. Sasa mtu akikuambia mkutanoni kwamba mita 1.5 zinatosha, humjibu kwa maneno, unamwonyesha fomu.

Kazi ya pili ni kuandika wanaokaa. Kila saa mtu mmoja atembee mtaa mzima mara moja akiwa na ramani iliyochapishwa, aandike alama: K kwa aliyeketi, S kwa aliyesimama akiongea, B kwa anayeuza, N kwa anayengoja gari. Baada ya siku tatu ramani itakuonyesha watu wanaketi wapi sasa hivi bila benchi: juu ya ukuta wa kalvati, kwenye ngazi za duka lililofungwa, chini ya paa la mpesa. Benchi ziende hapo hapo, au hatua chache kutoka hapo. Benchi iliyowekwa pazuri kwenye mchoro lakini jua linaipiga kuanzia saa sita haikaliwi na mtu.

Kukutana na wenye mtaa

Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinadai ushirikishi wa umma, na wengi hulitimiza hilo kwa baraza moja la chifu. Baraza ni lazima, lakini huleta wazee wale wale, na anayezungumza sana ndiye mwenye nafasi ya kuketi asubuhi nzima. Mama anayeuza omena hana nafasi hiyo. Mfuate mezani kwake saa nane mchana, wakati wateja wamepungua, na umsalimie kabla ya kutoa ramani. Waendeshaji boda wafuate stejini kupitia mwenyekiti wao. Mwakilishi wadi apewe habari kabla ya mkutano wowote. Mheshimiwa akisikia kwa watu, atapinga hata kile alichokiomba mwenyewe.

Ramani ya kuzungumzia iwe karatasi ya A1 kwa skeli ya 1:250. Kwa skeli hiyo urefu wa karatasi unabeba mita 210, kwa hiyo mtaa wa mita 200 unaingia wote. Andika juu yake majina ambayo watu wanayatumia: "kwa mzee wa viatu", "kinyozi", "posho mill". Majina ya ploti hayamsaidii mtu yeyote pale.

Kisha tembea mtaa mzima ukiwa na mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mwingine asiyeona. Nusu saa hiyo itakuonyesha mambo ambayo hakuna mkutano utakaoyataja, kama vile njia inayokatizwa na mlango wa lori au mteremko unaoishia kwenye mtaro wazi.

Usiulize "mnataka nini?" Utapata orodha ndefu, hospitali ikiwemo. Uliza maji husimama wapi mvua ikinyesha, ni sehemu gani wanaogopa kupita usiku, meza hulala wapi, na choo cha karibu kinafungwa saa ngapi.

Jaribu kwa rangi na tairi

Kabla ya zege, fanya jaribio la wiki mbili. Tairi kuukuu zilizojazwa mchanga na kupakwa rangi nyeupe zinaonyesha ukingo mpya wa njia; chaki au rangi ya barabara inaonyesha steji mpya; benchi chache za mbao zinakamilisha. Andikia OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na polisi wa trafiki, zima moto, na wenye matatu. Rangi ya kawaida ya ukuta huteleza ikilowa, kwa hiyo tumia rangi ya barabara na unyunyizie mchanga kabla haijakauka.

Jaribio lisilopitia siku ya soko na siku ya mvua kubwa halijajaribu kitu. Rudia hesabu kwa fomu ile ile, saa zile zile. Lori la mzigo likishindwa kupinda, utajua kwa gharama ya tairi mbili. Ukigundua hilo baada ya ujenzi, utavunja ukingo wa zege.

Maji, halafu kabro

Mchoro wa kwanza kukamilika uwe wa maji. Kisumu mvua nyingi huja alasiri na kwa nguvu, na sehemu za chini kama Nyalenda udongo wake huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nakuru shida ni nyingine: udongo wa volkano, mwepesi, unaobebwa na maji na unaoweza kubonyea ghafla, pamoja na nyufa za ardhi upande wa magharibi mwa jiji. Maji ya mtaro yakiachwa yapenye chini ya njia pale Nakuru, hutengeneza shimo ambalo juu yake kabro (matofali ya zege ya kutandika njia) bado zinaonekana sawa. Kwa hiyo Kisumu ondoa udongo huo mweusi unaovimba na uweke murramu, angalau sm 30 na mara nyingi zaidi kadiri mhandisi atakavyopima; Nakuru ziba viungo vyote vya mtaro na usipeleke maji ardhini karibu na njia.

Mpimaji aandike kimo cha kizingiti cha kila duka. Kosa linalorudiwa mji baada ya mji ni kumwaga tabaka mpya juu ya zile za zamani hadi njia inapanda juu ya sakafu za maduka, na mvua ya kwanza inaingia kwenye magunia ya sukari. Njia iliyokamilika iwe angalau sm 5 chini ya kizingiti. Mwenye duka anayetaka kiti cha magurudumu kiingie ataweka mteremko mdogo: kwa uwiano wa 1 kwa 12, sm 5 zinahitaji sm 60 tu. Njia yenyewe iinamie mtaroni kwa asilimia 2, yaani sm 2 kwa kila mita. Kwa upana wa mita 3.2 tofauti ni sm 6.4. Ikiinama zaidi, kiti cha magurudumu kinavutwa pembeni. Ikiinama chini ya hapo, maji yanalala.

Mtaro ufunikwe, lakini fikiria atakayeufungua. Kipande cha zege cha sm 60 kwa sm 60 chenye unene wa sm 7.5 kina uzito wa karibu kilo 65. Watu wawili wanakiinua kwa ndoano. Kikiwa sm 60 kwa 90 na unene wa sm 10, kinafika kilo 130. Hicho hakuna atakayekiinua, na mtaro utaziba mwezi wa nne ukiwa umefunikwa vizuri kabisa. Kila kifuniko kiwe na matundu mawili ya ndoano. Usitumie wavu wa chuma popote unapoweza kuepuka. Huishia kwenye mizani ya skrepu. Pale ambapo lazima maji yaingie kwa juu, nafasi za wavu zisizidi sm 1.3 na zikatize mwelekeo wa mwendo, ili gurudumu dogo au fimbo isizame. Kusafisha ni mara mbili kwa mwaka: Februari, na tena Septemba.

Sasa kabro. Kwa miguu tu, unene wa mm 60 unatosha. Lori au matatu zikipita, hata mara moja kwa wiki kupeleka mzigo, weka mm 80. Chini yake ni mchanga wa sm 5 hivi, na chini ya mchanga tabaka la sm 15 lililoshindiliwa. Kwa njia ya mita 3.2 kwa 200 una mita za mraba 640. Kabro za mstatili za sm 20 kwa 10 huingia 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo 32,000. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika, 33,600. Mchanga ni mita za ujazo 32, tabaka la chini 96 likiwa limeshindiliwa tayari, na lori zitaleta zaidi kwa sababu kifusi kilicholegea hupungua kikishindiliwa. Dai pia kabro mia sita hivi za akiba ziwekwe stoo ya kaunti. Baada ya miaka miwili kiwanda hakina tena rangi ile, na kiraka kitabaki kikionekana.

Kabro hulegea kwa sababu mbili: ukingo haukushikwa na zege, au mchanga ulitumika kusawazisha tabaka lililoshindiliwa vibaya. Ukiona fundi anaweka mchanga wa sm 10 upande mmoja na sm 3 mwingine, simamisha kazi hapo hapo.

Kabla ya kabro ya kwanza kulazwa, kampuni ya umeme, ya maji (KIWASCO Kisumu, NAWASSCO Nakuru) na za intaneti ziwe zimejibu barua yako. Laza mabomba matupu ya mm 110 yakikatiza barabara kwenye kila makutano na kila mita 50, ncha zake zikiwa zimezibwa na kuandikwa kwenye mchoro. Bila hayo, kuna atakayechimba kabla ya mwaka kuisha.

Boda, meza na mikokoteni

Wengi huweka nguzo fupi kuzuia boda zisipande njia ya miguu. Fanya hesabu: kiti cha magurudumu kinahitaji sm 90, na boda inapita kwenye upana huo huo bila kupunguza mwendo. Nguzo zenye nafasi ya mita 1.2 huzuia magari, boda hazizuii kamwe. Kinachozuia boda ni kumpa mwendeshaji mahali bora zaidi. Pikipiki kumi zikiegeshwa sambamba zinahitaji takriban mita 10 kwa 2.2, paa la kivuli na sehemu ya kuketi, zote zikiwa hatua chache kutoka abiria wanaposhukia matatu. Ukiwapeleka mita mia moja nyuma ya jengo, kesho watakuwa kwenye kona yao ya zamani, kanjo (askari wa kaunti) atawafukuza, na watarudi.

Meza za wachuuzi zina mantiki ile ile. Mchuuzi yuko pale kwa sababu mguu wa mteja unapita pale. Panga nafasi za mita 1.5 kwa 1.5 kwenye mstari kati ya njia ya miguu na barabara, mnunuzi akisimama upande wa njia, na uache pengo la mita 2 kila baada ya meza nne ili watu wavuke na zima moto aingie. Weka bomba la maji moja kwa kila meza ishirini hivi, na stoo ya kulaza mizigo. Stoo ndiyo husahaulika, na isipokuwepo meza hugeuka kibanda cha mabati ndani ya miezi michache, kwa kuwa mtu hawezi kubeba magunia nyumbani kila jioni. Kabla ya kugawa nafasi, andikisha waliopo sasa, kwa picha na jina, siku moja bila kutangaza. Ukitangaza wiki moja mbele, orodha itaongezeka mara mbili.

Mkokoteni usiutupe. Unahitaji mteremko kwenye ukingo, upana wa mita 1.2 au zaidi, na mahali pa kushushia mzigo asubuhi.

Kivuli na taa

Kisumu iko karibu sana na ikweta, ambayo inapita pale Maseno. Jua la saa sita liko utosini, na kivuli cha jengo hakisaidii. Mti ndio unaosaidia. Kwa mtaa unaoelekea kaskazini na kusini, panda upande wa magharibi kwanza, kwa sababu joto la alasiri ndilo hufukuza watu. Mtaa wa mashariki na magharibi hufuata njia ya jua, hivyo unahitaji matawi mapana pande zote mbili. Siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, hustahimili vizuri huku na mizizi yake haisumbui sana. Mwavuli ule wa tabaka tabaka, Terminalia mantaly, hutoa kivuli mapema. Epuka mikuyu karibu na mabomba ya maji taka, epuka mkaratusi kabisa, na zambarau usiiweke juu ya kabro usipotaka matunda yake chini kila msimu. Maembe huvutia mawe ya watoto, na kioo cha duka kiko nyuma.

Shimo liwe na upana wa mita moja na kina cha sm 60, miche iwe na kimo cha mita 1.8 au zaidi, nafasi kati ya mti na mti mita 6 hadi 8, na kila mmoja uwe na kizimba dhidi ya mbuzi. Panda mvua za Machi zikishaanza kweli. Baada ya hapo ni mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki katika ukame wa miaka miwili ya kwanza, na jina la mwenye kumwagilia liandikwe.

Kuhusu taa, mulika mwizi mmoja (mlingoti mrefu wa taa kali) hupendwa na wanasiasa kwa kuwa unaonekana mbali. Kwa anayetembea, hutoa mwanga mkali juu na giza nene nyuma ya kila kibanda. Nguzo za mita 4 hadi 6 zilizo na nafasi ya mita 15 hadi 20 ni bora. Za sola ziwe na betri juu, pamoja na taa, si kwenye sanduku la chini.

Zabuni na kukabidhiwa

Mradi wa kaunti nao unahitaji kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na ofisi ya NEMA (mamlaka ya mazingira) ikueleze aina ya ripoti inayotakiwa. Usichukulie kwamba serikali haijiombi kibali.

Kwenye BQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake ambayo mkandarasi huwekea bei, kipengele kilichoandikwa "mapambo ya mtaa, jumla" ni mwaliko wa ugomvi. Andika benchi ngapi, za zege, kimo cha kiti sm 45, zimefungwa ardhini kwa namna gani. Andika pia kwamba nusu ya mtaa itabaki wazi wakati wote wa ujenzi. Usipoandika, mkandarasi atafunga mtaa mzima na biashara zitahama. Weka kando asilimia 10 kwa yasiyotarajiwa. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, na kazi za benchi, vizimba vya miti na upandaji zinagawanyika vizuri kwa vikundi vya hapo hapo.

Kabla ya kukabidhiwa, andaeni karatasi moja ya utunzaji: nani anafagia na saa ngapi, nani analipa umeme na maji, ufunguo wa choo na wa stoo uko kwa nani, nani anapigiwa simu kabro ikizama. Iwe na saini ya meneja wa jiji au manispaa na mwenyekiti wa soko, na kiasi chake kiingie bajeti ya matumizi ya kawaida. Kadirio la kuanzia ni asilimia 3 ya gharama ya ujenzi kila mwaka.

Kipindi cha dhamana ya kasoro huwa miezi 6 au 12, na wakati huo sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imezuiliwa. Dai miezi 12, ili kipindi kipitie masika na vuli zote. Nenda mtaani mvua ikiwa inanyesha, ukiwa na mhandisi na kopo la rangi: zungushia kila dimbwi lililobaki baada ya nusu saa, kila kabro inayocheza ukiikanyaga, kila kifuniko kinachogonga. Piga picha, pima, andika umbali kutoka mwanzo wa mtaa. Siku hiyo hiyo rudia fomu ya kuhesabu watu na ramani ya K, S, B na N. Orodha ya kasoro ipelekwe kwa mkandarasi kwa barua, na hati ya kuachilia pesa zilizozuiliwa isisainiwe hadi kila alama ya rangi iwe imerekebishwa na kukaguliwa tena.